HOFU ISIWE MFALME NYUMBANI MWETU

Somo kwa familia, vikundi vya sala na vijana

Masomo ya kufungua katika Biblia: Marko 4:35-41, 1 Wafalme 19:1-18, Mathayo 14:22-33, 2 Timotheo 1:7, 1 Yohane 4:18

 

Tunawaomba msome somo hili polepole, Biblia ikiwa wazi mbele yenu. Kwenye mistari tuliyoitaja, someni kwanza Neno la Mungu lenyewe, halafu mrudi kwenye maelezo yetu. Sisi tunaoandika si watu wasioogopa. Tunaandika kwa sababu hofu ilituingilia, ikatufundisha mambo mabaya, na Bwana akatutoa mkononi mwake. Tunataka ninyi pia mjue njia hiyo.

1. ULIZO LA MAMA MMOJA

Mwanzoni mwa mwaka 2025, habari mbaya zilitufikia kutoka upande wa mashariki. Mwisho wa mwezi wa kwanza tulisikia kwamba Goma imetekwa. Katikati ya mwezi wa pili tukasikia kwamba Bukavu nayo imetekwa. Wengi wetu tuna watoto, kaka na wakwe katika miji hiyo. Simu zilikuwa hazipiti. Usiku watu walikaa karibu na redio, na kila mmoja aliyetoka sokoni alirudi na habari yake, nyingine za kweli na nyingine za uongo. Majirani wengine walianza kufunga nguo katika mafurushi. Watoto walikuwa wakiuliza, "Papa, sisi tutakimbilia wapi?" na papa hakuwa na jibu.

Siku moja, baada ya sala ya asubuhi, mama mmoja wa kusanyiko letu alisimama. Ni mama mwenye umri, mtu wa sala, ambaye sote tunamheshimu. Akasema hivi: "Wachungaji, ninyi mnatufundisha kwamba mwenye imani hana woga. Lakini mimi tangu juzi moyo unanipiga, chakula hakipiti, usingizi umekimbia. Je, basi mimi sina imani? Miaka hii yote nilikuwa ninadanganya Mungu?"

Hakuna aliyemjibu siku ile. Tuliimba wimbo, tukafunga ibada, kila mtu akaenda kwake. Lakini ulizo lake halikutuacha. Somo hili ni jibu ambalo tulipaswa kumpa mama yule siku ileile.

Jibu kwa kifupi ni hili: Kuogopa si dhambi. Kuiweka hofu juu ya kiti cha ufalme na kufanya kila inachoamuru, hapo ndipo dhambi inapoingia.

2. HOFU INAYOONYA NA HOFU INAYOTAWALA

Mungu mwenyewe aliweka woga ndani ya mwili wa mwanadamu. Mtoto anayeogopa moto haungui. Sisi watu wa mto tunajua jambo hili. Ukiwa unataka kuvuka kwenda Alunguli, ukaona mtumbwi umejaa watu na magunia mpaka maji yanakaribia kuingia, na upepo unaanza kuinua mawimbi juu ya Lualaba, moyo wako unakuambia, "Subiri mtumbwi mwingine." Huo ni woga mzuri. Ni mlinzi aliyewekwa mlangoni. Anayemdharau na kusema, "Mimi ni mtu wa Mungu, maji hayawezi kunifanya kitu," huyo hana imani kubwa, ila anamjaribu Bwana Mungu wake. Hilo ndilo shetani alimtaka Yesu alifanye juu ya mnara wa hekalu, na Yesu alikataa (Mathayo 4:5-7).

Kwa hiyo mama anayetundika chandarua kwa sababu anaogopa malaria hakosi imani. Baba anayewaondoa watoto wake mahali pa risasi hakosi imani. Mtume Paulo alishushwa ndani ya kapu ukutani mwa Damasko, usiku, kwa sababu watu walitaka kumwua (Matendo 9:23-25). Hakuna aliyemwita mwoga. Aliokoa maisha yake ili afanye kazi ya Bwana wake.

Lakini kuna hofu nyingine. Hii haikai mlangoni kama mlinzi. Inaingia ndani, inakaa kwenye kiti cha baba, inaanza kutoa amri. Inasema, "Usilime mwaka huu, vita vitakuja." Inasema, "Usimpokee mgeni huyu, chakula kitakwisha." Inasema, "Nenda kwa mganga, jina la Yesu peke yake halitoshi." Inasema, "Mtafute aliyekuloga, yumo humu ndani ya nyumba." Ukiitii mara moja, kesho inaomba zaidi. Hofu ya namna hii ni mfalme asiyeshiba. Paulo alimwandikia kijana wake Timotheo kwamba roho ya woga haikutoka kwa Mungu. Kile Mungu alichotupa ni nguvu, upendo na kiasi (2 Timotheo 1:7). Angalieni neno hilo la tatu. Kiasi ni akili iliyotulia. Hofu inayotawala huondoa kwanza akili, halafu upendo, na mwishoni nguvu zenyewe.

3. MTUMBWI WENYE MAJI NDANI

Fungueni Marko 4:35-41. Wanafunzi wa Yesu walikuwa wavuvi. Hawakuwa watu wa mjini wanaoogopa kila wimbi. Walilijua ziwa lile tangu utoto, kama vile wavuvi wetu wanavyoujua mto. Basi, wavuvi wakilia kwamba wanakufa, tujue kwamba hatari ilikuwa ya kweli. Biblia haituambii kwamba dhoruba ilikuwa mawazo tu. Maji yalikuwa yanaingia ndani ya chombo.

Tunaona mambo matatu.

La kwanza: Yesu alikuwa ndani ya chombo hichohicho. Hakuwatuma peke yao akabaki ufukoni. Aliyekuwa amelala juu ya mto wa kulalia angezama pamoja nao kama chombo kingezama. Mkristo haahidiwi safari isiyo na mawimbi. Anaahidiwa mwenzi wa safari.

La pili: angalieni jinsi Marko anavyolipanga jambo. Yesu aliamka, akaukemea upepo, kukawa shwari; halafu ndipo akawauliza wanafunzi kuhusu woga wao na imani yao. Aliwaokoa kwanza, akawafundisha baadaye. Hakusema, "Kwa kuwa mmeogopa, zameni." Ni hivyohivyo kwa Petro alipoanza kuzama juu ya maji (Mathayo 14:30-31). Sala yake ilikuwa fupi kuliko sala zote, kilio tu cha kuomba kuokolewa, na mkono wa Bwana ulimshika saa ileile. Mafundisho yalikuja mkono ukiwa umekwisha kumshika.

La tatu, na hili wengi hulipita bila kuliona: mwisho wa mstari wa 36 unasema kwamba vyombo vingine vilikuwa pamoja nao. Je, katika dhoruba ile nani alikumbuka vyombo vile vingine? Wanafunzi walilia juu ya maisha yao wenyewe. Ndiyo kazi ya hofu: inakufanya uone mtumbwi wako peke yako. Lakini Yesu alipoutuliza upepo, vyombo vyote vilipata shwari. Amani anayokupa Bwana si ya nyumba yako tu. Ni ya jirani pia.

4. NABII CHINI YA MTI

Someni sasa 1 Wafalme 19. Eliya alikuwa ametoka kushinda juu ya mlima Karmeli mbele ya taifa zima. Siku ile moto ulishuka kutoka mbinguni. Kisha malkia mmoja akatuma neno la vitisho, na nabii yuleyule akakimbia mpaka jangwani, akalala chini ya mti na kuomba afe.

Mungu alimtendea nini? Hakumpiga, wala hakumvua unabii. Kwanza alimwacha alale. Halafu malaika akamletea mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya kunywa, mara mbili. Ndugu, wakati mwingine mtu mwenye hofu haitaji hubiri refu. Anahitaji sahani ya chakula, kikombe cha maji na mtu wa kukesha kando yake ili alale. Kama tungejua hayo, yule mama wetu tungempelekea uji jioni ileile.

Baadaye, huko Horebu, Eliya alisema kwamba amebaki peke yake. Hiyo ndiyo sauti ya hofu: peke yangu, peke yangu. Mungu alimjibu kwa mambo mawili. Alimpa kazi ya kufanya, na alimwonyesha kwamba wako watu 7,000 ambao hawakumpigia Baali magoti. Eliya hakuwa amewahesabu. Hofu haijui kuhesabu ndugu.

5. USHUHUDA WA WALE WALIOTUTANGULIA

Tusiseme, "Hayo ni ya Wayahudi wa zamani." Mungu alifanya hayo pia katika nchi yetu ya Kongo, mbele ya macho ya babu zetu.

Papa Simon Kimbangu alizaliwa Nkamba, katika Kongo ya chini, mwaka 1887. Mwaka 1918, wakati homa kali ya mafua ilikuwa inaua watu wengi duniani, alisikia sauti ya Bwana ikimwita kuchunga kundi lake. Je, aliitika saa ileile? Hapana. Alijibu kwamba hakusoma vya kutosha, kwamba wako wengine wanaofaa zaidi. Sauti ilipozidi kumwita, alikwenda mbali, mpaka Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, kutafuta kazi huko. Wapendwa, msilifiche jambo hili mnapowafundisha watoto. Mtumishi wa Mungu alianza kwa kukimbia, kama Yona, kama Musa aliyesema ulimi wake ni mzito. Bwana hakumtupa.

Tarehe 6 Aprili 1921, huko Ngombe-Kinsuka, alimwekea mikono mama mgonjwa kwa jina la Yesu, na mama akapona. Toka siku ile watu walimiminika Nkamba. Waliosikia mahubiri yake walitupa hirizi na sanamu walizokuwa wakizitumaini kwa ulinzi. Fikirini uzito wa tendo hilo. Mtu ambaye tangu kuzaliwa amevaa kitu shingoni ili asife, leo anakivua na kukitupa porini, na usiku huohuo lazima alale gizani bila kitu hicho. Huo ndio ushindi juu ya hofu. Nchi ya watu wasioogopa hirizi ilianza kuzaliwa pale, na ndiyo maana wenye utawala waliingiwa na hofu wao wenyewe.

Mwezi wa sita mwaka ule askari walikuja kumkamata. Aliponyoka, akajificha kwa muda wa miezi mitatu hivi, huku akiendelea kufundisha. Mwezi wa tisa, tarehe 12, alikuwa amerudi Nkamba, akajitoa mikononi mwao bila kupigana. Oneni kiasi alichopewa: kulikuwa na wakati wa kujificha, na kulikuwa na wakati wa kusimama. Tarehe 3 Oktoba 1921, baraza la vita huko Thysville lilimhukumu viboko 120 na kifo. Mfalme Albert wa Ubelgiji aliibadilisha hukumu ya kifo ikawa kifungo cha maisha. Walimpeleka mbali na watu wake, mpaka Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, na huko alikaa gerezani miaka 30, mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Alihubiri kwa muda wa miezi michache tu, akafungwa miaka 30. Katika miaka ile yote mke wake, Mama Marie Muilu, aliwatunza watoto na kuwashika waamini kwa siri, huku akiangaliwa na wapelelezi.

Waamini wengi walihamishwa kwa nguvu kutoka vijiji vyao, wakatawanywa katika majimbo ya mbali. Wengine waliletwa mpaka Lowa, kando ya mto wetu huuhuu, kati ya Kindu na Ubundu. Tunapoona maji ya Lualaba yakishuka kupita mbele yetu, tukumbuke kwamba yanakwenda kupita mahali pale ambapo watu waliadhibiwa kwa sababu ya kusali. Walitengwa na ndugu zao ili imani yao ife. Badala yake, kila walikopelekwa waliipanda.

Na katika miaka ya mwisho ya ukoloni, waamini wapatao 600 walimwandikia Gavana Mkuu Pétillon. Walimweleza kwamba wamechoka kukamatwa mmoja mmoja. Kama kusali ni kosa, basi watajikusanya wote mahali pamoja bila silaha, wakamatwe wote au wauawe wote. Woga ulikuwa umewala kwa miaka mingi mmoja mmoja. Walipokuwa pamoja, haukupata pa kuwashika. Tarehe 24 Desemba 1959 kanisa lilipewa ruhusa ya serikali.

6. KINDU PIA INAKUMBUKA

Mji wetu umepita katika maji mengi. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1964, wakati Wasimba walipoingia, na mwezi wa 11 wakati jeshi la serikali liliporudi na kuuchukua mji. Wengine wetu tunakumbuka mwaka 1997, wakati wa AFDL, na tarehe 12 Oktoba 1998, siku Kindu ilipotekwa na RCD. Katika miaka iliyofuata, Mayi-Mayi waliuzunguka mji, na aliyekwenda shambani hakuwa na hakika ya kurudi. Chumvi na sabuni vilikuwa kama dhahabu. Tulikula majani ya mihogo bila mafuta na tukashukuru.

Katika siku zile tulijifunza kwamba nyumba zilizosimama si zile zilizokuwa na kufuli kubwa. Ni zile ambazo jirani alijua akigonga usiku atafunguliwa.

Lakini lazima tuwaambie pia jambo la aibu, kwa kuwa somo lisilo na ungamo ni nusu ya somo.

Si miaka mingi iliyopita, katika familia moja ya kusanyiko letu, mtoto mchanga alikufa kwa homa. Katika nyumba ile alikuwamo mvulana wa miaka kama tisa, yatima, mtoto wa ndugu yao. Alikuwa mtoto wa kimya, anayeota ndoto na kulia usiku. Baada ya mazishi maneno yalianza: "Huyu ndiye. Ni yeye aliyemla mwenzake." Jirani mmoja alisema ameona dalili. Mtu mmoja aliyejiita nabii aliomba pesa ili amfanyie mtoto maombi ya kumfungua, siku tatu bila chakula. Na sisi, wazee wa kanisa, tulikaa kikao. Tunaona haya kuandika: tulikuwa karibu kukubali. Hatukuwa na ushahidi hata mmoja. Tulikuwa na hofu tu, na hofu inatafuta siku zote mgongo mdogo wa kubebesha mzigo wake.

Yule mama wa ulizo, mama yuleyule, aliingia katika kikao bila kuitwa. Hakutuhubiri. Aliuliza tu, "Mtoto huyu amekula leo?" Hakuna aliyejua. Akamshika mkono, akaenda naye kwake. Usiku ule mvulana alilala nyumbani mwake, katika chandarua kimoja na wajukuu zake. Watu walimwambia, "Mama, huogopi?" Akajibu, "Ninaogopa. Ndiyo maana ninaomba. Lakini mtoto ana njaa."

Siku zikapita. Hakuna mjukuu aliyekufa. Mvulana alinenepa, akarudi shuleni, na leo anapiga ngoma katika kikundi cha vijana. Muuguzi wa kituo cha afya alitueleza kwamba yule mtoto mchanga alikuwa na malaria, na kwamba alifikishwa kwake akiwa amechelewa sana.

Basi, mjue neno hili: Sheria ya nchi yetu namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayolinda watoto, inakataza kumshitaki mtoto kwamba ni mchawi, na mwenye kufanya hivyo anaweza kuadhibiwa. Lakini kabla ya sheria ya serikali, Bwana wetu mwenyewe alikwisha kusema juu ya jiwe la kusagia na shingo ya yule anayemkosesha mmoja wa wadogo hawa (Mathayo 18:6). Anayemwogopa Mungu hamwogopi mtoto.

Na sasa tunaelewa kwamba mama yule alipouliza kama hana imani, alikuwa ametujibu zamani kwa matendo yake. Moyo ulimpiga, na mkono wake ulifanya mema. Hiyo ndiyo imani.

7. NJIA TATU ZA KUISHINDA HOFU

Tumezoea kutaja maneno matatu: Upendo, Amri, Kazi. Tuyatumie sasa kama silaha.

UPENDO. Mtume Yohane anafundisha kwamba upendo uliokamilika huitupa hofu nje (1 Yohane 4:18). Hakusema kwamba ujasiri huitupa nje, wala elimu, wala silaha. Upendo hufanya kazi hiyo kwa sababu unageuza macho yetu. Hofu inauliza, "Itakuwaje kwangu?" Upendo unauliza, "Nani hajala?" Hofu ikikujia usiku, taja kwa jina watu watatu walio na shida kuliko wewe, uwaombee, asubuhi mtembelee mmoja wao.

AMRI. Saa ya hofu si saa ya kutunga sheria mpya. Shika ile unayoijua. Usiue, usiibe, usimshuhudie jirani yako uongo. Kabla ya kurudia habari uliyosikia sokoni au katika simu, jiulize: Je, ni kweli? Nani aliiona kwa macho? Habari ya uongo imekimbiza watu wengi kuliko risasi. Na usikimbilie kwa mganga, wala kwa nabii anayeuza ulinzi kwa pesa. Roho Mtakatifu hauzwi. Simoni mchawi alijaribu kumnunua, akakemewa (Matendo 8:18-20).

KAZI. Mungu alimpa Eliya kazi ya kufanya. Yeremia alinunua shamba wakati adui ameuzunguka mji (Yeremia 32). Panda mihogo yako. Peleka watoto shuleni. Tengeneza paa kabla ya mvua. Mtu anayepanda muhogo anasema mbele ya Mungu na mbele ya hofu, "Ninatazamia kuvuna." Na kama ni lazima kukimbia, kimbia pamoja na wengine, ukimshika mzee mkono, na mahali utakapofika, panda tena, kama waliohamishwa walivyofanya.

Wapendwa, hatuwaahidi kwamba hamtaona tena mabaya. Papa Simon Kimbangu hakutoka gerezani akiwa hai. Mitume wengi waliuawa. Imani haitupi hakika ya kwamba kesho itakuwa rahisi. Inatupa hakika ya nani atakayekuwa pamoja nasi kesho, na kwamba hata kifo, mfalme wa hofu zote, kimekwisha kushindwa na yeye aliyetoka kaburini siku ya tatu. Kwa hiyo moyo ukipiga, uache upige. Usiupe tu kiti cha mfalme. Kiti hicho kina mwenyewe.

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Kuna tofauti gani kati ya hofu inayoonya na hofu inayotawala? Toa mfano mmoja mmoja kutoka maisha yako.

2. Katika Marko 4:39-40, Yesu alifanya nini kwanza, na nini baadaye? Jambo hilo linatufundisha nini juu ya namna ya kumsaidia mtu mwenye hofu?

3. Mungu alimpa Eliya vitu gani kabla ya kusema naye huko Horebu?

4. Papa Simon Kimbangu alikimbia, akajificha mwaka 1921, kisha akajitoa. Je, tunawezaje kujua wakati wa kujificha na wakati wa kusimama?

5. Je, katika nyumba yako au katika avenyu yako yuko mtu, hasa mtoto au mzee, anayebeba mzigo wa hofu ya wengine? Juma hili utamfanyia nini?

SALA

Bwana Yesu, wewe ulilala ndani ya chombo chetu na kuamka kwa kilio chetu. Tumeogopa, na katika kuogopa tumewakosea wengine. Utusamehe. Uondoe hofu kwenye kiti ambacho si chake, uketi wewe. Uwalinde ndugu zetu walio katika miji ya vita na walio njiani. Uwape watoto wetu usingizi. Utupe nguvu, upendo na kiasi, ili jirani akigonga usiku, apate mlango ulio wazi. Amina.